Jina Lisiposomwa: Somo kwa Vijana Wanaokimbia na Wazazi Wao



Katika safu hii ya mafunzo tumezoea kuzungumzia mbegu, mifugo, vyanzo vya maji na vikundi vya kuweka na kukopa. Safari hii tunazungumzia mbio. Tumeombwa na wanakikundi wenyewe, na ombi lilitokea hivi.

Tulihudhuria kikao cha kikundi kimoja cha VICOBA katika kijiji kilichoko kwenye miteremko ya Mlima Meru. Hisa zilikuwa zimekwishahesabiwa, ikafika zamu ya maombi ya mikopo. Mama mmoja alisimama akaomba mkopo wa kumtunza mwanawe mjini kwa mwaka mmoja zaidi. Kijana huyo alikuwa amemaliza kidato cha nne, na kila alfajiri alikuwa akifanya mazoezi ya mbio. Wiki ile majina ya timu aliyoitumainia yalikuwa yamesomwa, na lake halikuwamo.

Mwenyekiti aliuliza kwa upole, "Mama, huu mkopo ni wa biashara gani?"

Mama akajibu, "Ni wa miguu ya mwanangu."

Watu walicheka, na yeye mwenyewe akacheka. Kisha mzee mmoja akasema neno lililotunyamazisha wote: "Kama wataalamu wamemwona wakamwacha, sisi tunaona nini wasichokiona wao?"

Swali la mzee lilikuwa la haki. Fedha za kikundi ni jasho la watu. Lakini swali la mama nalo lilikuwa la haki, ingawa hakulitamka: je, jina lisiposomwa ndiyo mwisho wa safari? Tumeandaa somo hili ili vikundi, wazazi na vijana walijadili pamoja.

LENGO LA SOMO

Mwisho wa somo hili msomaji aweze:
1. Kueleza tofauti kati ya kutoteuliwa na kutokuwa na uwezo.
2. Kutaja mambo yanayomjenga mwanamichezo katika miaka yake ya mwanzo, kabla hajajulikana.
3. Kuamua kwa busara namna ya kumsaidia kijana bila kuiangusha familia wala kikundi.

KUTOTEULIWA NI NINI?

Huko Marekani kuna michezo ambayo klabu hukutana siku maalum na kuteua vijana kwa zamu, jina baada ya jina. Katika besiboli utaratibu huo ulianza mwaka 1965. Mamia ya vijana huitwa, na wengine wengi zaidi hubaki wakisubiri simu isiyolia. Kijana mrusha mpira ambaye jina lake halikutajwa anaweza bado kusaini mkataba mdogo na kuanzia ligi za chini, ambako malipo ni kidogo na safari za basi ni ndefu. Huko ndiko kazi yake ya mwanzo inapojengwa, mbali na macho ya watu.

Hata sisi Afrika Mashariki tunalo la kusimulia. Mwaka 2022 vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male, wote warusha mpira, walisaini mikataba na klabu ya Los Angeles Dodgers. Hawakupita kwenye siku ile ya kuteua, kwa sababu utaratibu ule unawahusu vijana wa Marekani, Canada na Puerto Rico. Waliingia kwa mlango mwingine.

Upande wa pili yuko Mtanzania mwenzetu Hasheem Thabeet. Mwaka 2009 aliitwa wa pili kati ya vijana wote katika mpira wa kikapu, akachukuliwa na Memphis Grizzlies. Ilikuwa heshima kubwa kwa taifa. Alicheza katika ligi ile hadi mwaka 2014. Kwa hiyo kuitwa mapema nako ni mwanzo tu wa kazi, kama vile kutoitwa kulivyo mwanzo wa kazi ya namna nyingine.

Katika mbio ndefu, mchezo wa huku kwetu Arusha, hakuna siku moja ya dunia nzima ya kuita majina. Kuna saa ya mkononi na orodha ya muda wa kufuzu. Zipo timu za shule, mkoa na taifa zinazoteua, na kuachwa kunauma. Lakini saa haimjui mtoto wa nani, wala haiulizi kama mwaka jana aliachwa.

MFANO WA KWANZA: FILBERT BAYI

Filbert Bayi alizaliwa Karatu mwaka 1953. Mwaka 1972, akiwa na miaka 19, alikwenda kwenye Michezo ya Olimpiki ya Munich. Alishiriki mita 1,500 na mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Katika mbio zote mbili alitolewa hatua ya awali. Mtu aliyesoma gazeti la siku ile angeweza kusema kwamba kijana amejaribu na imeshindikana.

Mwaka uliofuata, kwenye Michezo ya Afrika mjini Lagos, alimshinda Kipchoge Keino wa Kenya katika mita 1,500. Huyo Keino alikuwa bingwa wa Olimpiki wa mbio hizo mwaka 1968. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Bayi aliongoza tangu mwanzo hadi mwisho na kuvunja rekodi ya dunia kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Alikuwa na miaka 20. Mwaka 1975 mjini Kingston, Jamaika, alivunja pia rekodi ya dunia ya maili moja kwa dakika 3 na sekunde 51.0. Mwaka 1980 alipata medali ya fedha ya Olimpiki mjini Moscow.

Kati ya kutolewa Munich na rekodi ya Christchurch haikufika hata miaka miwili. Somo lililomo ni kwamba matokeo ya siku moja hueleza habari ya siku hiyo. Hayawezi kueleza mwaka kesho.

MFANO WA PILI: ALPHONCE SIMBU

Mfano huu tutaukalia zaidi, kwa sababu ni wa siku zetu na umefanyika mbele ya macho ya wakazi wa Arusha.

Alphonce Felix Simbu alizaliwa mwaka 1992 mkoani Singida, katika eneo ambalo sasa ni wilaya ya Ikungi. Kama vijana wengi wa mikoa ya kati na kaskazini, safari yake ya riadha ilimleta Arusha, mji ulio kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, chini ya mlima wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500. Wakimbiaji hupenda mahali pa namna hii kwa sababu hewa ya juu ni nyepesi. Mwili unaoishi na kufanya mazoezi huko huongeza chembe nyekundu za damu, zile zinazobeba oksijeni, na mkimbiaji anaposhuka kushindana tambarare anapata nafuu. Ndiyo maana alfajiri utawaona makundi kwa makundi wakipanda barabara za vumbi za miteremko ya Meru, wakati sisi wengine tunatafuta dala dala au tunakamua ng'ombe.

Hebu tuitazame miaka ya mwanzo ya Simbu hatua kwa hatua.

Mwaka 2015, akiwa na miaka 23, alikimbia marathoni ya Mashindano ya Dunia mjini Beijing, akawa wa 12. Nafasi ya 12 haina medali, na hakuna anayepokewa uwanja wa ndege kwa ngoma kwa sababu ya kuwa wa 12.

Machi 2016 alikwenda Japani kwenye marathoni ya Ziwa Biwa, akawa wa tatu kwa saa 2:09:19. Agosti mwaka huo, kwenye Olimpiki ya Rio de Janeiro, alimaliza wa tano kwa saa 2:11:15. Baada ya hapo kampuni ya Multichoice Tanzania ilijitokeza kumdhamini katika maandalizi yake.

Januari 2017 alishinda marathoni ya Mumbai, India, kwa saa 2:09:32. Aprili akawa wa tano London kwa saa 2:09:10. Agosti, hapo hapo London, alipata medali ya shaba ya Mashindano ya Dunia kwa saa 2:09:51. Tanzania ilikuwa haijapata medali ya mashindano hayo kwa miaka 12, tangu Christopher Isegwe alipopata fedha ya marathoni mjini Helsinki mwaka 2005.

Mpendwa msomaji, angalia mtiririko huo: wa 12, wa tatu, wa tano, wa kwanza, wa tano tena, shaba. Hauendi kama ngazi ya nyumba. Unapanda, unashuka kidogo, unapanda tena. Mzazi au kikundi kingemhukumu kwa nafasi aliyoshika kila mara, huenda kingekata tamaa. Lakini ukiitazama saa, unaona kijana anayerudi mara kwa mara kwenye saa 2 na dakika 9, Japani, India na Uingereza. Huo ndio ushahidi wa kazi.

Ikafuata miaka minane. Alikuwa wa saba katika Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, na akapata fedha ya Jumuiya ya Madola mjini Birmingham mwaka 2022. Katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024 alimaliza wa 17. Aprili 2025 akawa wa pili Boston kwa saa 2:05:04. Kisha tarehe 15 Septemba 2025, mjini Tokyo, aliingia uwanjani akifukuzana na Mjerumani Amanal Petros, wakavuka mstari kwa muda ule ule wa saa 2:09:48. Picha ya mwisho ilionyesha kwamba Simbu ametangulia kwa sehemu tatu tu za mia ya sekunde. Hiyo ilikuwa medali ya kwanza ya dhahabu ya Tanzania katika Mashindano ya Dunia ya Riadha, ambayo yalianza mwaka 1983.

Linganisha namba mbili. Shaba ya 2017 ilikuja kwa saa 2:09:51. Dhahabu ya 2025 ilikuja kwa saa 2:09:48. Tofauti ni sekunde tatu, na katikati kuna miaka minane ya kuamka alfajiri.

LAKINI MLANGO UMEKUWA MWEMBAMBA

Hatutaki somo hili limdanganye mtu. Kwa Olimpiki ya 2016, muda wa kufuzu marathoni ya wanaume ulikuwa saa 2:19:00. Kwa Olimpiki ya Tokyo ukawa 2:11:30. Kwa Paris ukawa 2:08:10. Kwa Mashindano ya Dunia ya 2025 ukawa 2:06:30, ingawa wapo walioweza kuingia pia kwa pointi za viwango vya dunia.

Tuyapime kwa kilomita, maana marathoni ni kilomita 42 na mita 195. Saa 2:19:00 ni kama dakika 3 na sekunde 18 kwa kila kilomita. Saa 2:06:30 ni dakika 3 kamili kwa kila kilomita, tena mara 42. Kijana anayetaka kujipima aanze hapo: je, kilomita ngapi anaweza kuzikimbia mfululizo kwa mwendo huo bila kuvunjika?

Wengi hawatafika. Hilo si aibu, wala haliondoi faida ya nidhamu waliyoipata. Lakini linatulazimu kumwandalia kijana maisha yenye miguu miwili, mmoja wa mbio na mwingine wa kazi.

TUJIFUNZE KATIKA NENO LA MUNGU

Someni 1 Samweli 16:1-13. Samweli alifika nyumbani kwa Yese kumtafuta mfalme. Wana saba walipitishwa mbele yake. Wa nane hakuitwa hata na baba yake, maana alikuwa malishoni na kondoo. Daudi hakukataliwa siku ile na maadui. Alisahauliwa na watu wa nyumbani.

Kisha someni 1 Samweli 17:15 na 17:34-37. Mambo mawili yanaonekana. La kwanza, hata baada ya kupakwa mafuta Daudi aliendelea kurudi kuchunga kondoo wa baba yake. La pili, aliposimama mbele ya Sauli hakueleza ndoto zake, alieleza kazi aliyokwisha kuifanya dhidi ya simba na dubu huko malishoni ambako hakuna aliyekuwa akimtazama. Miaka ile ya malishoni ndiyo iliyokuwa shule yake.

Somo kwa kijana: usiyadharau malisho. Somo kwa mzazi na kanisa: kabla ya kusema watoto wote wamepita, tuulize kama yupo aliyebaki nje.

MAMBO YA KUZINGATIA

1. Daftari. Kila kijana anayekimbia awe na daftari. Aandike tarehe, umbali, muda, alivyolala, alichokula, na maumivu aliyoyasikia. Kikundi kinachoombwa msaada kiombe kuona daftari kabla ya kuona vyeti. Muda unaopungua polepole ni ushahidi. Muda uliosimama mahali pamoja kwa miaka miwili nao ni ujumbe.

2. Mpaka wa muda. Msaada uwe wa kipindi kinachojulikana, mfano mwaka mmoja, na utazamwe kila baada ya miezi mitatu. Msaada usio na mwisho huzaa lawama.

3. Kazi ya mkono. Mazoezi makali huchukua saa chache za siku. Wakimbiaji wengi wa marathoni wa kiwango cha dunia hukimbia kilomita 160 hadi 200 na zaidi kwa wiki, na wanahitaji kupumzika. Hata hivyo kijana wa miaka 19 hajafika huko. Anaweza kujifunza ushonaji, uchomeleaji au ufundi umeme huku akikimbia.

4. Chakula. Mkimbiaji mwenye njaa huumia. Maziwa, maharage, ugali, ndizi, mayai na mboga vinapatikana kwetu. Familia nyingi zinaweza kusaidia kwa debe la mahindi kuliko kwa fedha taslimu.

5. Mkataba. Wakala wa nje huweza kumfungulia kijana mlango wa mashindano, naye hupata sehemu ya zawadi, kwa kawaida hadi asilimia 15. Asisaini karatasi asiyoielewa. Asomewe na mtu mzima anayeaminika, na nakala ibaki nyumbani. Bingwa wa dunia wa 2025 alitengewa zawadi ya dola za Marekani 70,000. Fedha za namna hiyo huvuta watu wema na wasio wema.

6. Dawa zilizokatazwa. Kijana asikubali sindano wala kidonge asichokijua, hata kama kimeletwa na rafiki. Kifungo cha miaka kadhaa huua kazi yote, na mwili hubaki na madhara.

7. Mabinti. Tusisome somo hili kama la wavulana tu. Binti anayekimbia alfajiri anahitaji mwenza wa mazoezi, njia salama na kambi yenye uangalizi. Tukishindwa kumhakikishia hayo, sisi ndio tuliomwacha nje ya orodha.

MKOPO ULIISHIAJE?

Turudi kwenye kikao chetu. Majadiliano yalichukua karibu saa nzima. Mwishoni kikundi kilikubali kumkopesha mama, lakini kwa ajili ya mradi wake wa kuku wa mayai, ili marejesho yatoke kwenye mayai na yasitegemee miguu ya mtu. Faida ndiyo itakayomsaidia kijana. Yeye naye alikubali masharti mawili: kujiandikisha kujifunza uchomeleaji, na kuleta daftari kila baada ya miezi mitatu.

Na nani aliyependekezwa kulikagua daftari hilo? Mzee yule yule aliyeuliza swali. Alisema yeye hajui mbio, ila anajua kusoma namba.

Mpaka tunaandika, jina la kijana halijasomwa popote. Muda wake wa kilomita 10 umepungua kwa zaidi ya dakika moja, na lango la zizi la jirani amelichomelea yeye. Mama amekwisharejesha zaidi ya nusu ya mkopo. Hatuwezi kuahidi kwamba atafika Tokyo au Boston. Tunachoweza kusema ni kwamba hakuna aliyepoteza ng'ombe, hakuna aliyegombana, na kijana hayuko kijiweni.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Je, katika kijiji au mtaa wetu kuna kijana aliyeachwa katika uteuzi wa michezo, masomo au kazi? Tumemtembelea?
2. Kwa nini nafasi ya 12 ya Simbu mwaka 2015 ingeweza kuonekana ni kushindwa? Ninyi mngeionaje?
3. Daudi alirudi malishoni baada ya kupakwa mafuta. Hilo linamfundisha nini kijana aliyeanza kusifiwa?
4. Kikundi chetu kingeamuaje ombi la mama yule? Andikeni masharti matatu ambayo mngeyaweka.
5. Ni msaada gani usio wa fedha tunaoweza kuutoa kwa kijana anayejifunza fani yoyote?

SALA

Ee Mungu Baba, wewe unawaona walioko malishoni wakati majina yanasomwa. Wape vijana wetu uvumilivu, wazazi wetu busara, na vikundi vyetu moyo wa haki. Utufundishe kusaidia bila kudanganya, na kungoja bila kuchoka. Amina.

Tukutane toleo lijalo. Hadi hapo, ukimpita kijana anayepanda kilima alfajiri, msalimie.